Kutetemeka kazini: si pombe kila mara

Ndugu mufanyakazi mwenye ugonjwa wa sukari, usijichome shindano ya insulini asubuhi kisha ukimbilie kazini bila kula. Insulini haingojei bukari yako. Sukari ya damu inashuka mno: jasho, mikono kutetemeka, moyo kupiga mbio, maneno kupotea. Karibu na mashine, hiyo ni hatari ya kufa. Na kapita atafikiri umelewa! Umwambie mapema, yeye na wenzako, si haya.

Leo wengine wanavaa pampu ndogo yenye kuingiza insulini kidogo kidogo, usiku na mchana. Hata nayo, ukipima dozi ya chakula usichokula, sukari itashuka vilevile.

Weka sukari mufukoni, si katika sanduku uliloacha juu. Ukisikia dalili, acha kazi, kula vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, ngoja dakika 15. Kama bado, rudilia. Kisha kula chakula.

Akizimia, musimutie kitu kinywani. Mumulaze ubavu, muite muganga mbio.

Mama wa nyumba, bwana akienda kazi ya usiku, mufungie chakula.