Maneno ya Mwamuzi wa Ng'ombe na Maana Yake



Siku za maonyesho ya kilimo, kazi yangu ni kukaa mezani kando ya uwanja wa ng'ombe na kuandika maneno ya mwamuzi. Mwaka mmoja huko Meru mzee wa skimu alinijia akiwa amekasirika. "Kijana," akasema, "ng'ombe wangu ndiye mnene kuliko wote. Mbona amewekwa wa mwisho?" Nikamwuliza anakamua lita ngapi kwa siku. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nne."

Jibu lilikuwa hapo. Mwamuzi alikuwa amekwisha kulitoa, lakini mzee hakuyafahamu maneno yake. Yafaa uyajue, maana yatakulinda siku utakapotoa fedha zako kununua ng'ombe.

"Ana umbo la maziwa." Maana yake chakula anachokula kinakwenda kwenye ndoo, hakigeuki mafuta. Shingo ni ndefu na nyembamba, mbavu zimeachana, ngozi ni laini. Usidhani kwamba amekonda kwa njaa. Ng'ombe mwenye njaa ana ngozi kavu iliyokaza juu ya mbavu, na manyoya yake hayang'ai.

"Ana nafasi." Kifua ni kipana, hivyo moyo na mapafu hayabanwi. Mbavu ni ndefu na zimetanuka, hivyo tumbo linaweza kupokea majani mengi.

"Kiwele kimeshikwa vizuri." Neno hili ndilo kubwa. Nchini Marekani, kadi ya kuhukumia ng'ombe wa maziwa ina alama 100, na 40 kati ya hizo ni za kiwele peke yake. Tazama mbele: kiwele kiungane na tumbo bila kuacha shimo. Tazama nyuma: kianzie juu, tena kiwe kipana. Katikati pawe na mfereji unaoonekana, ambao ni alama ya kano yenye nguvu inayokibeba. Kiwele kinachoning'inia chini ya vifundo vya miguu ya nyuma hukanyagwa, huchafuka kwa matope, na huingiwa upesi na ugonjwa wa kiwele.

"Ana miguu ya mundu." Ukimtazama kwa ubavu, miguu ya nyuma imepinda kupita kiasi. "Miguu ya nguzo" ni kinyume chake: imenyooka mno. Mguu mwema umepinda kidogo tu. Jambo hili ni kubwa kwa ng'ombe anayepanda na kushuka miteremko kutafuta maji, na pia kwa yule anayesimama kutwa bandani juu ya sakafu ngumu. Akiumwa miguu hali vizuri, na asipokula hakuna maziwa.

"Namweka huyu juu ya yule." Mwamuzi hulinganisha ng'ombe waliofika mbele yake siku ile tu. Wa mwisho Meru huenda angekuwa wa kwanza Embu. Tena mwamuzi hapimi ndoo ya nyumbani kwako. Kwa hiyo ukienda kununua, omba kuona daftari la maziwa. Mtamba ambaye hajazaa hana kiwele cha kuhukumiwa, basi omba umwone mama yake.

Kesho asubuhi, kabla ya kukamua, simama nyuma ya ng'ombe wako, kisha kando yake. Jiulize: Ana umbo la maziwa? Ana nafasi? Kiwele kimeshikwa? Miguu ni mizuri? Ukiona kasoro, usimwuze kwa haraka. Mwulize Bwana Mifugo ni fahali gani anayefaa kumpandisha, ili ndama atakayezaliwa amshinde mama yake.

Yule mzee alifanya hivyo. Mwaka uliofuata hakuleta ng'ombe. Alikuja na daftari na kalamu, akasimama karibu na meza yangu, akasikiliza.