Meli za Matembezi na Bahari ya Mtwara

Mwezi Machi wa mwaka 1866, Dakta David Livingstone aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Penguin, akaelekea mlango wa mto Ruvuma kwa azma ya kuteremsha hapo watu wake na wanyama wake, ngamia wakiwamo. Lakini alipofika alikuta mikoko imesongamana na matope yamefunga njia, hata ikambidi arudi kaskazini mpaka ghuba ya Mikindani, na huko ndiko alikoshukia kwa safari ambayo hakurejea kwao tena. Mikoko ile iliyomshinda Livingstone ndiyo ambayo msafiri wa Ulaya au wa Marekani yu tayari leo kulipa fedha nyingi apate kuiona, akipita taratibu katika mashua ndogo, maadamu jioni atarudi kulala katika meli iliyotia nanga nje ya mwamba. Mageuzi haya ya matakwa ya wasafiri yafaa yafahamike vema Kusini mwa Tanzania, katika pwani ya Mtwara, kwani yanawahusu watu wa huko kuliko wengi wanavyodhani.

Biashara ya meli za matembezi, yaani zile ambazo abiria hapandi ili afike mahali bali hupanda ili akae melini akizungushwa bandari hata bandari, imekua kwa kasi ya ajabu. Chama cha kimataifa cha kampuni za meli hizo, CLIA, kilihesabu abiria milioni 29.7 mwaka 2019. Mwaka uliofuata ugonjwa wa korona ukazifunga meli karibu zote, na wako waliosema kwamba starehe hiyo imekwisha. Lakini mwaka 2023 idadi ilifika milioni 31.7, na mwaka 2024 milioni 34.6. Wala si wastaafu peke yao kama ilivyokuwa zamani, kwani vijana na wazazi wenye watoto wadogo nao wamejaa humo. Ila ndani ya umati huo mna mapenzi mawili yanayopishana. Wako wanaotaka meli yenyewe iwe ndiyo mji, mfano wa Icon of the Seas iliyoanza safari zake Januari 2024, ambayo huweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 pamoja na mabwawa yao, michezo yao na maduka yao, hata bandari inayotembelewa haina thamani kubwa machoni mwao. Na wako wengine, wachache kwa hesabu lakini wenye uwezo mkubwa, watakao meli ndogo ya abiria 100 au 200, yenye wajuzi wa ndege, wa bahari na wa tarehe za kale, na mashua za mpira ziwezazo kupanda mchangani pasipo gati. Hawa wa pili ndio wageni wa Mtwara.

Wasafiri hao hawakati tikiti kama sisi tukatavyo ya basi. Aghalabu huweka nafasi miezi sita au mwaka mzima mbele, na wakati wa pilikapilika kubwa ni Januari mpaka Machi, baridi ya kwao inapowatia hamu ya jua. Hutoa arbuni kwanza, kisha humaliza baki miezi michache kabla ya meli kung'oa nanga. Kampuni nazo hutangulia zaidi, kwani ratiba ya bandari hutangazwa mwaka na nusu au hata miwili kabla, na bandari isiyotajwa humo haipati mgeni hata ikiwa nzuri namna gani. Katika pwani yetu meli hizi huja zaidi baina ya Novemba na Machi, yaani wakati wa kaskazi, upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi.

Hofu nayo ina fungu kubwa katika uchaguzi wa msafiri. Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia, na Aprili 2009 wakaijaribu MSC Melody katika bahari ya upande wa Shelisheli, basi kampuni nyingi zikaepuka Afrika Mashariki kwa miaka kadhaa. Uharamia ulipopungua, ratiba zikarudi polepole Unguja na Mombasa, lakini Mtwara ikabaki na jirani mwenye msiba: uasi ulioanza Mocímboa da Praia, nchini Msumbiji, Oktoba 2017 ulivuka Ruvuma Oktoba 2020 kwa shambulio la kijiji cha Kitaya, na Machi 2021 ukavamia mji wa Palma, usio mbali na mpaka. Mwenye kuuza bima, akiitazama ramani akiwa London, haoni nchi mbili. Huona pwani moja. Jambo hili linaumiza, kwa kuwa Mikindani imelala salama siku zote hizo, na dawa yake ni kampuni kupewa habari za kweli mapema, kabla ratiba haijaandikwa.

Na kuna mengi ya kuwaeleza. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina mchanga wa Msimbati, matumbawe, kasa na mikoko. Mikindani ina nyumba za mawe na Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli. Lakini saa za mgeni nchi kavu ni chache, na chakula chake na kitanda chake amekwisha kuvilipia melini, kwa hiyo fedha atakayoiacha itakuwa ya kiongozi wa matembezi, ya mwenye ngalawa, na ya mchongaji. Mchongaji wa Kimakonde aketiye chini ya mwembe, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo, tezo ikiondoa kwanza gamba, kisha ule mti mweupe wa nje mpaka weusi wa ndani ukatokeza, huweza kumshika mgeni wa namna hii saa nzima; na aliyeiona kazi ilivyo ngumu hana moyo wa kuvutana bei.

Bandari ya Mtwara yenyewe, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza uliovunjika mwaka 1951, ina kina kirefu cha asili na gati jipya la mita 300. Ila makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma yanapopakiwa hapo, vumbi jeusi si makaribisho ya mtu aliyefuata hewa safi. Iko azma ya kuihamishia mizigo ya aina hiyo mahali paitwapo Kisiwa-Mgao. Kwa sasa, meli ndogo ingefaa itie nanga katika ghuba ya Mikindani, abiria wateremke kwa mashua zao. Na hapo vinatakiwa ngazi imara ya kushukia maji yanapokupwa, choo safi, kivuli, na afisa wa uhamiaji wa kupanda melini alfajiri agonge mihuri yake wageni wakiwa bado wanakunywa chai.