Adapta Isiyoonekana na Kompyuta

Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, ambako mvua ya alasiri haina simile na radi zake ni mashuhuri, kompyuta ya mezani isiyo na waifai yake hutegemea adapta ya USB, kidude kisichozidi kidole gumba. Na siku kidude hicho kisipoonekana, mwenyewe hudhani kimekufa, akaharakisha kununua kingine, ilhali aghalabu ila iko kwingineko.

Awali ya yote ni tundu. Matundu ya mbele huungana na bodi kuu kwa waya mwembamba, nao ukilegea umeme haufiki barabara. Basi kidude kichomekwe nyuma, pasipo waya wa kurefushia, kwani tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa miliampea 500 tu. Mulika tochi ndani: vibamba vya metali vikiwa vimeota kutu ya kijani kwa unyevu, jawabu umelipata.

Kisha fungua orodha ya vifaa katika Windows. Alama ya mshangao ya manjano maana yake kifaa kimeonekana, lakini aghalabu kimekosa draiva, yaani programu ya kukiendesha; na ajabu ni kwamba baadhi ya adapta hujidhihirisha kwanza kwa sura ya diski, ambayo ndani yake draiva yenyewe imehifadhiwa. Ikiwa haimo, nawe huna intaneti ya kuitafutia, unganisha simu kwa kebo, uazime mtandao wake.

Adapta isiyoonekana hata katika kompyuta nyingine iliyo nzima, hiyo imekufa kweli. Nunua nyingine, na radi zianzapo, tafadhali chomoa plagi ukutani.