Kompyuta ya Nyumbani Imezeeka? Hivi Ndivyo Utakavyolinda Pesa na Siri Zako

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, kompyuta haikununuliwa ikiwa mpya. Ililetwa na kijana aliyepata kazi Nairobi, akanunua nyingine, ile ya zamani akaiacha nyumbani Mwingi au Mbooni. Au ni ile ya ex-UK iliyonunuliwa mkono wa pili, ikapakiwa kwenye matatu hadi Wote. Miaka imesonga. Betri ilikufa kitambo, na ukiiwasha unaweza kupika chai kabla haijawaka. Lakini bado inapiga kazi: mtoto anaombea HELB, baba anapeleka ritani za KRA, na mama, ambaye ndiye mweka hazina wa chama, anaweka humo orodha ya michango na nakala za vitambulisho vya wanachama.

Huenda unajiuliza: pesa zangu ziko kwenye simu, sasa kompyuta inaingiaje hapa? Twende polepole.

Pesa ziko kwenye simu, lakini mwizi anaweza kupitia kompyuta

PIN yako ya pesa haikai kwenye kompyuta, na haifai kukaa huko kamwe. Lakini kuna mambo matatu yanayokaa huko, na mwizi anayajua.

La kwanza ni barua pepe. Anayeingia kwenye barua pepe yako anaweza kubonyeza "nimesahau nenosiri" kwenye akaunti zako nyingine na kuzifungua moja baada ya nyingine. Kompyuta nyingi za nyumbani hubaki zimefunguliwa barua pepe mwaka mzima.

La pili ni ujumbe. Ukiwahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta, au ukiunganisha SMS za simu yako na kompyuta ili uzisome kwenye skrini kubwa, basi ujumbe wako unaonekana pale pia. Hata zile SMS za nambari za uthibitisho ambazo benki na akaunti nyingine hukutumia. Simu iko mfukoni, nambari inasomwa na mtu mwingine.

La tatu ni nakala: kitambulisho ulichoskani, PIN ya KRA, statement za miamala. Mwenye nakala hizi anaweza kujifanya wewe. Anaweza kujaribu kubadilisha laini yako au kuomba mkopo kwa jina lako. Na ukiwa mweka hazina, si jina lako tu lililo hatarini. Ni la kila mwanachama aliyekuamini.

Jua programu yako ina umri gani

Uzee unaotutia wasiwasi si wa chuma, ni wa programu. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo lako.

- Windows 7: Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020.
- Windows 8.1: iliachwa tarehe 10 Januari 2023.
- Windows 10: huduma ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani walitangaziwa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini ni lazima ujiandikishe kupitia mipangilio ya kompyuta, na unahitaji akaunti ya Microsoft.

"Kuachwa" hakumaanishi kompyuta itazima. Itawaka kama kawaida, na hapo ndipo watu hudanganyika. Maana yake ni kwamba tundu jipya likigunduliwa, hakuna atakayekuja kuliziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa aliyekuwa akiziba ufa ameshafunga kazi.

Brauza nayo hufuata. Google Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 mwezi Februari 2023. Kwa hivyo ukiwa na kompyuta hiyo, hata Chrome unayoingilia mtandaoni ni ya zamani.

Mbona masasisho ni muhimu hivyo?

Tarehe 12 Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa duniani kwa siku chache tu, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo ili viyafungue. Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa tayari. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoumia, wengi wao wakitumia Windows 7, zilikuwa hazijasasishwa.

Tunajua kwa nini watu wa huku kwetu huzima apdeti. Intaneti ni ya hotspoti ya simu, na apdeti moja inaweza kumeza bando la wiki nzima ikiwa nyuma ya pazia. Kuzima kabisa si suluhisho. Ingia kwenye mipangilio ya WiFi na uiambie Windows kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Hapo itaacha kupakua mafaili mengi mazito bila ruhusa. Kisha mara moja kwa mwezi beba laptopu uende mahali penye WiFi, iwe ni kazini, chuoni au kwa jirani, uiache ipakue yote. Kama ni kompyuta kubwa isiyobebeka, tenga bando la usiku mara moja kwa mwezi. Lihesabu kama gharama ya kufuli ya mlango.

Kompyuta yako ina njia nne

*Ya kwanza: kupanda hadi Windows 11.* Inahitaji RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hukataliwa. Fundi akikuambia anaweza kuilazimisha, muulize: na masasisho yajayo yatakubali? Microsoft haitoi ahadi kwa kompyuta zilizolazimishwa.

*Ya pili: kuweka Linux.* Hii ni programu ya bure kabisa, halali, na inafufua mashine nyingi zilizochoka. Linux Mint ni rahisi kwa aliyezoea Windows, na kila toleo kuu hupata masasisho kwa miaka 5. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha. Faili lake ni karibu GB 3, linawekwa kwenye flashi, na unaweza kulijaribu ukiwa bado hujafuta chochote. Hamisha kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje. Na kama kuna programu moja ya Windows ambayo kazi yako haiwezi kwenda bila hiyo, ijaribu kabla ya kuhama.

*Ya tatu: kuitoa mtandaoni.* Kompyuta ya zamani isiyounganishwa na intaneti bado ni nzuri kwa kuandika barua, kuweka hesabu za chama na kucheza video. Mambo ya mtandao yafanye kwa simu. Ila angalia flashi: inayotoka saiba inaweza kuleta virusi hata kama huna intaneti.

*Ya nne: kuipumzisha.* Ukiiuza au kumpa mtu, kuburuta mafaili hadi kwenye pipa la taka hakutoshi, kwa sababu yanaweza kurudishwa. Mwambie fundi afute diski nzima mbele yako, au toa diski ubaki nayo.

Tahadhari na "Windows ya bure"

Ukienda kwa fundi mjini Kitui, Emali au Kibwezi, huenda akakuwekea Windows au Office isiyolipiwa, akiifungua kwa kijiprogramu fulani. Kabla ya kufanya hivyo, mara nyingi ataizima antivairasi, kwa sababu inapiga kelele. Fikiria kidogo: mlinzi amekataa mgeni, na wewe unamfungia mlinzi chooni ili mgeni apite. Vijiprogramu kama hivyo ni njia inayojulikana ya kubeba wezi wa manenosiri.

Muulize fundi maswali matatu: umeweka nini, umetoa wapi, na umezima nini? Fundi mzuri hatakasirika. Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, bila malipo. Hakikisha imerudishwa kabla hujalipa.

Usafi wa nusu saa

1. Kwenye simu, fungua WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoitumia tena, au ya saiba, iondoe. Kama unatumia Messages ya Google kwa SMS, gusa picha yako ya wasifu, angalia sehemu ya kuunganisha vifaa, na ufanye vivyo hivyo.
2. Kwenye brauza, angalia manenosiri yaliyohifadhiwa. Futa ya barua pepe na ya benki. Weka nenosiri jipya la barua pepe, refu, ambalo hulitumii mahali pengine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.
3. Ondoa viongezo vya brauza ambavyo hukumbuki kuviweka.
4. Fungua akaunti mbili kwenye Windows. Moja ya msimamizi, yenye nenosiri unalolijua wewe. Nyingine ya kawaida, ya watoto na ya kazi za kila siku. Mtoto akipakua gemu lenye virusi, madhara yatapungua.
5. Hamisha nakala za vitambulisho na hesabu za chama kwenye flashi au diski inayofungwa kabatini. Ulichokimaliza kukitumia, kifute.

Kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua haki ya mtu kujua habari zake zinatumiwa kwa ajili ya nini. Mwanachama akikuuliza kitambulisho chake kiko wapi, uwe na jibu.

Skrini ikikupigia kelele

Siku moja utafungua ukurasa na skrini ijae rangi nyekundu: kompyuta yako ina virusi, piga nambari hii sasa hivi. Ukipiga, utasikia sauti ya upole.

"Hujambo mama, mimi ni wa idara ya usalama. Usijali, nitakusaidia. Pakua hii programu ndogo nione skrini yako."

Ukipakua, amekaa kitini pako. Kisha atasema: "Sasa kuna malipo kidogo ya kusafisha. Weka PIN yako hapo kwenye ukurasa tuthibitishe."

Jibu ni kukata simu na kufunga brauza. Ikikataa kufungika, zima kompyuta kwa kitufe.

Ishike sheria hii moja hata ukisahau mengine yote: PIN yako huingizwa kwenye simu yako pekee. Ukilipia kitu mtandaoni, hata huduma za serikali kwenye eCitizen, ombi la malipo huja kwenye simu, likikuonyesha jina la anayelipwa na kiasi. Soma vyote viwili ndipo uweke PIN. Ukurasa wowote kwenye kompyuta unaokuomba PIN ya pesa za simu ni wa mwizi, hata uwe na nembo yetu. Na sisi hatutakupigia kukuuliza PIN. Kamwe.

Na kama tayari limetokea?

Usione haya, na usingoje kesho. Fuata mpangilio huu:

- Zima hotspoti au chomoa waya wa intaneti, ili kompyuta isiendelee kuzungumza na mwizi.
- Kwa kutumia simu, wala si kompyuta ile, badilisha PIN yako. Kisha badilisha nenosiri la barua pepe na uondoe vifaa vyote vilivyoingia.
- Piga huduma kwa wateja kwa nambari rasmi unayoijua, si ile iliyoonekana kwenye skrini. Kama pesa zimetoka, taja nambari ya muamala iliyo kwenye SMS. Dakika za mwanzo ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuzuia pesa kabla hazijatolewa kwa wakala.
- Piga ripoti polisi na uombe nambari ya OB. Kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.
- Kama kulikuwa na nakala za watu wengine, waambie. Itauma, lakini mwanachama anayejua mapema anaweza kuilinda laini yake. Asiyejua hawezi.
- Kompyuta isirudi mtandaoni mpaka diski ifutwe na programu iwekwe upya.

Kompyuta kuukuu si aibu. Kuna mashine za miaka 12 zinazofanya kazi salama kabisa, na kuna mpya zilizojaa wezi. Leo jioni, kabla ya kulala, fanya mambo mawili tu: andika winver uone toleo lako, kisha ufungue WhatsApp uone ni kompyuta ngapi zimeunganishwa na simu yako. Ukikuta moja usiyoijua, utafurahi kwamba uliangalia.