Mafahali Wawili, Zizi Moja: Kwa Nini Serikali ya Umoja ya Palestina Haidumu

Makka, Sanaa, Kairo, Doha, kambi ya Shati, Kairo tena, Algiers, Beijing. Katika kila mojawapo ya mahali hapo, kati ya 2007 na 2024, wajumbe wa Fatah na Hamas walikaa meza moja, wakatoa tamko au wakatia saini mapatano ya umoja, wakapigwa picha, kisha kila upande ukarudi kwake. Na kila mara wasomaji wa habari, sisi tukiwamo, tuliuliza: safari hii je?

Swali hilo limerudi mara nyingi katika vikao vya chama chetu, hasa tangu Oktoba 2023. Jibu linalotolewa upesi ni kwamba viongozi wana tamaa ya madaraka. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halitoshi, kwa sababu tamaa ya madaraka ipo kila nchi na bado ziko nchi ambazo mahasimu wamefanikiwa kutawala pamoja. Katika makala hii tunajaribu kueleza ni wapi hasa mapatano ya Wapalestina hukwama.

Uchaguzi uliozaa serikali mbili

Fatah ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Yasser Arafat na wenzake, na kwa muda mrefu ndiyo iliyoongoza Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO. PLO ndiyo iliyotia saini Mapatano ya Oslo na Israel mwaka 1993, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Palestina ikaundwa ili kusimamia sehemu za Ukingo wa Magharibi na Gaza. Hamas ilizaliwa Desemba 1987, mwanzoni mwa Intifada ya kwanza. Ilipinga Oslo, na haijawahi kuwa mwanachama wa PLO.

Arafat alifariki Novemba 2004. Mahmoud Abbas wa Fatah alichaguliwa kuwa rais Januari 2005 kwa kipindi cha miaka minne. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Januari 2006, ukafanyika uchaguzi wa bunge, na Hamas iliyosusia uchaguzi wa bunge wa 1996 safari hii ikashiriki. Ilipata viti 74 kati ya 132, na Fatah ikapata 45.

Ukitazama viti peke yake utadhani Wapalestina waliikimbia Fatah kwa wingi. Ukitazama kura utaona jambo jingine: orodha ya Hamas ilipata kama asilimia 44, na ya Fatah kama asilimia 41. Nusu ya viti iligawanywa kwa orodha za vyama, na nusu nyingine ilishindaniwa wilayani. Huko wilayani wagombea wa Fatah waligawana kura na wana-Fatah wenzao waliojitokeza kama wagombea binafsi, huku Hamas ikiwa na nidhamu ya kusimamisha watu wake kwa hesabu. Kwa hiyo jamii ilikuwa imegawanyika karibu nusu kwa nusu, lakini bunge halikuonyesha hivyo.

Matokeo yake yalikuwa rais wa chama kimoja na waziri mkuu wa chama kingine. Ismail Haniyeh wa Hamas aliapishwa Machi 2006. Cheo cha waziri mkuu kilikuwa kipya. Kiliingizwa katika Sheria ya Msingi mwaka 2003, na mpaka wa madaraka yake na ya rais haukuwa umejaribiwa kati ya mahasimu. Nani anaamuru polisi? Nani anashika hazina? Kila upande ulikuwa na jibu lake.

Miezi mitatu ya Makka

Pande Nne za usuluhishi, yaani Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa, ziliweka masharti matatu kwa serikali mpya: iache kutumia nguvu, iitambue Israel, na ikubali mapatano yaliyotangulia. Hamas ilikataa. Misaada ya moja kwa moja ikakatwa, na Israel ikazuia fedha za kodi inazokusanya kwa niaba ya Mamlaka ya Palestina. Mishahara ikasimama. Mitaani Gaza, wapiganaji wa pande mbili wakaanza kurushiana risasi.

Kulikuwa na watu walioona hatari mapema. Mei 2006, wafungwa wa Kipalestina waliokuwa katika magereza ya Israel, miongoni mwao Marwan Barghouti wa Fatah na wafungwa wa Hamas na makundi mengine, waliandika waraka wa pamoja uliotaka serikali ya umoja wa kitaifa na kuifanya PLO iwe mwavuli wa wote. Waraka huo ndio ulioweka msingi wa mazungumzo yaliyofuata.

Tarehe 8 Februari 2007, Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia aliwakutanisha Abbas na viongozi wa Hamas mjini Makka. Serikali ya umoja ikaapishwa tarehe 17 Machi. Haniyeh alibaki waziri mkuu. Fedha zikapewa Salam Fayyad, mambo ya nje yakapewa Ziad Abu Amr, wote wawili wakiwa nje ya Hamas. Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyokuwa mfupa mgumu, alipewa mtu asiye wa upande wowote, Hani Qawasmi.

Qawasmi alijiuzulu Mei. Alikuwa na cheo cha kuongoza vikosi vya usalama, lakini vikosi vyenyewe havikumtii: vile vya zamani vilitii Fatah, na kile kilichoundwa baada ya uchaguzi kilitii Hamas. Juni mapigano yakawaka Gaza na kuua zaidi ya watu 100 kwa siku chache. Hamas ikaushika Ukanda wote. Tarehe 14 Juni Abbas akamfukuza Haniyeh na kutangaza hali ya hatari. Serikali ya umoja ilikuwa haijatimiza miezi mitatu. Tangu siku hiyo Gaza ikawa na watawala wake na Ramallah ikawa na wake, na Israel pamoja na Misri zikaibana Gaza kwa mzingiro.

Walipwao bila kazi, wafanyao kazi bila malipo

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Tukitaka kuona nyasi zenyewe, tuangalie daftari la mishahara.

Baada ya Juni 2007, Ramallah iliwaagiza watumishi wake wa Gaza wakae nyumbani, na ikaendelea kuwalipa. Makumi ya maelfu ya walimu, askari na makarani wakawa wanapokea mshahara kwa sharti la kutokwenda kazini. Hamas nayo ikaajiri watu wake kuziba nafasi, wapatao 40,000. Zikawa serikali mbili za watumishi katika ukanda wenye urefu wa kilomita 40 hivi.

Aprili 2014, katika kambi ya wakimbizi ya Shati, pande mbili zilikubaliana tena. Safari hii walikwepa kugawana wizara. Tarehe 2 Juni ikaapishwa serikali ya wataalamu chini ya Rami Hamdallah, isiyo na waziri hata mmoja wa Hamas. Marekani ilisema itafanya kazi nayo, ingawa Israel ilikuwa imekwisha kusimamisha mazungumzo ya amani siku moja baada ya mapatano ya Shati. Mambo yalielekea kuwa mazuri. Kisha ikafika siku ya mshahara. Watumishi wa Ramallah walikuta fedha zao benki, na wale walioajiriwa na Hamas hawakukuta kitu. Ugomvi ukazuka kwenye mashine za fedha, na polisi wa Gaza wakafunga mabenki kwa siku kadhaa. Serikali ya umoja ilikuwa na umri wa siku tatu.

Mwaka 2017, katika kuibana Hamas, Ramallah ilipunguza mishahara ya watumishi wake wa Gaza na kupunguza malipo ya umeme. Watu wakabaki na saa kama nne za umeme kwa siku. Oktoba mwaka huo Kairo ikafanikisha mapatano mengine, na Novemba Hamas ikakabidhi vivuko vya mpakani. Machi 2018 bomu lililipuliwa karibu na msafara wa Hamdallah alipozuru Gaza. Aliponea chupuchupu, lakini mapatano hayakupona.

Muafaka, maridhiano na suluhu

Hapa lugha yetu inaweza kutusaidia kidogo. Serikali ya 2007 Waarabu waliiita ya *wahda*, yaani umoja. Ile ya 2014 waliiita ya *wifaq*, na mwanachama yeyote aliyesoma siasa za Zanzibar atausikia ndani yake ule Muafaka wa 1999 na ule wa 2001, kwa kuwa shina ni moja. Harakati zote za kuwapatanisha huitwa *musalaha*, neno la shina moja na suluhu. Maridhiano nayo, neno lililopata umaarufu Zanzibar mwishoni mwa 2009 walipokutana Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, yana asili hiyohiyo ya Kiarabu.

Maneno yanafanana, mazingira hayafanani. Zanzibar mwaka 2010 iliulizia wananchi kwa kura ya maoni, theluthi mbili wakakubali, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaingizwa katika Katiba. Kenya mwaka 2008, baada ya damu kumwagika, Kofi Annan aliwasimamia Mwai Kibaki na Raila Odinga hadi wakatia saini Februari 28, na ile iliyoitwa serikali ya nusu mkate ikafika hadi uchaguzi wa 2013. Serikali zote mbili zilikuwa na manung'uniko yake, na ya Zanzibar ilivunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kabla ya kurudi mwaka 2020. Lakini katika nchi zote mbili jeshi lilikuwa moja, hazina ilikuwa moja, na hakuna dola nyingine iliyoshika mipaka yao na kodi yao. Waliogombania mkate walikuwa na mkate wa kugawana.

Wapalestina wanagawana kisichokuwa mikononi mwao chote. Ndiyo maana kuwashauri waige Zanzibar au Kenya ni rahisi kusema kuliko kutenda.

Kura iliyoahirishwa

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi vijana wa chuo. Mpalestina yeyote aliyezaliwa baada ya Januari 1988 hajawahi kupiga kura ya rais wala ya bunge. Kipindi cha Abbas kiliisha zamani. Bunge la 2006 liliacha kukutana baada ya mgawanyiko, na likavunjwa rasmi Desemba 2018.

Mwanzoni mwa 2021 mlango ulionekana kufunguka. Uchaguzi wa bunge ulipangwa tarehe 22 Mei na wa rais tarehe 31 Julai. Zaidi ya asilimia 90 ya wenye haki ya kupiga kura walijiandikisha, na orodha 36 zikasajiliwa. Fatah yenyewe iligawanyika, kwani Barghouti, akiwa gerezani, aliunga mkono orodha iliyoshindana na ya Abbas. Tarehe 29 Aprili Abbas aliahirisha yote, akisema Israel haijaruhusu upigaji kura Yerusalemu ya Mashariki. Kizuizi hicho kilikuwa cha kweli. Ni kweli pia kwamba kuahirisha kulimwokoa na ushindani aliouogopa. Hakuna tarehe mpya iliyopangwa mwaka huo.

Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia kusini mwa Israel. Watu wapatao 1,200 waliuawa na takriban 250 wakatekwa. Vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina na kuibomoa sehemu kubwa ya Gaza. Katikati ya vita hivyo, tarehe 23 Julai 2024, makundi 14 yalitia saini tamko la Beijing likiahidi serikali ya muda ya maridhiano ya kitaifa. Siku nane baadaye Haniyeh aliuawa Tehran. Baada ya kusitishwa mapigano Oktoba 2025, azimio namba 2803 la Baraza la Usalama lilizungumzia kamati ya wataalamu wa Kipalestina kuendesha Gaza chini ya uangalizi wa bodi ya kimataifa. Kwa hiyo neno wataalamu limerudi, miaka kumi na moja baada ya Shati.

Tunawaomba wenzetu, mara nyingine tutakaposoma kwamba umoja umepatikana, tusiishie kwenye picha ya kupeana mikono. Tutafute ndani ya habari majibu ya maswali manne. Vikosi vya usalama vitamtii nani? Watumishi wa pande zote watalipwa kutoka mfuko upi? Je, makundi yaliyo nje ya PLO yataingia, na kwa masharti gani? Na uchaguzi ni lini? Mapatano ya Makka hayakujibu swali la kwanza, ya Shati hayakujibu la pili, tamko la Algiers la 2022 liliahidi uchaguzi ndani ya mwaka mmoja na mwaka ukapita.

Msichana aliyezaliwa Gaza wiki ile serikali ya Makka ilipoapishwa angetimiza miaka 18 Machi 2025, umri wa kupiga kura na wa kuanza chuo kama sisi. Hadi tunapoandika makala hii, hajaitwa kupiga kura ya bunge.