Fahamu: Vipandikizi vya matiti, kutoa au kuacha?

Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wapatao 30,000 wakatolewe vipandikizi vya kampuni ya PIP, hata kama hawaumwi. Kampuni hiyo ilijaza silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka 4 jela mwaka 2013. Uingereza, kwa upande wake, ilisema si lazima kila mmoja akimbilie kisu. Bidhaa ileile, ushauri tofauti.

Tofauti hiyo haishangazi. Kutoa nako ni upasuaji: kuna nusukaputi, kuvuja damu, maambukizi, kovu, na titi linaweza kusinyaa. Ila kipandikizi si cha maisha. Mwili hukizungushia utando wa kovu. Utando ukikaza, titi huwa gumu na kuuma. Kikipasuka, silikoni huweza kuvuja kimyakimya, ikaonekana tu kwa vipimo vya picha kama MRI.

Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL, vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa kinga. Hata hapo, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haikuwashauri wasio na dalili wavitoe. Titi likivimba ghafla miaka kadhaa baada ya upasuaji, hilo si la kusubiri.

Wapo wanaolalamikia uchovu na maumivu ya viungo. Hakuna kipimo cha kuthibitisha chanzo, lakini baadhi hupata nafuu baada ya kutoa. Kuwaambia wanajisingizia ni uvivu wa daktari.

Kabla ya yote, tafuta kadi uliyopewa siku ya upasuaji: ina jina la kampuni na aina ya kipandikizi.