Tangazo la mtandaoni: muuza korosho apime faida, si laiki

NALIENDELE, Mtwara – Korosho ghafi haihitaji tangazo. Mkulima huipeleka kwenye chama chake cha msingi, ikaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi ulioanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007, na bei ikapatikana mnadani. Mwenye haja ya tangazo ni mbanguaji mdogo, yule anayekaanga, anayefunga pakiti na kumtafuta mnunuzi mwenyewe.

Naliendele, penye kituo cha TARI kinachojulikana kwa utafiti wa korosho, ni karibu na mali lakini ni mbali na mlaji. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500. Ndiyo maana Instagram, Facebook na WhatsApp zimekuwa kaunta ya duka, na tangazo la kulipia limekuwa gharama ya kila mwezi.

Swali la mfanyabiashara ni moja: je, fedha hiyo inarudi na faida? Si swali dogo. Fedha ya tangazo hutoka kwenye mfuko ule ule wa kununulia korosho ghafi, na msimu, ambao kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, haumsubiri aliyeishiwa mtaji.

ANZA NA PAKITI MOJA

Hesabu haianzi kwenye simu, inaanzia jikoni. Tuchukue mfano wa pakiti ya nusu kilo inayouzwa Sh. 17,500. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutoka katika kilo 4 hadi 5 za ghafi. Kwa hiyo pakiti hiyo imekula kama kilo 2.5. Kwa bei ya mfano ya Sh. 3,000 kwa kilo, gharama zinakuwa hivi:

Korosho ghafi: Sh. 7,500
Kubangua na kukaanga: Sh. 1,800
Mfuko na lebo: Sh. 700
Basi na bodaboda: Sh. 2,200
Ada ya malipo kwa simu: Sh. 300
Jumla: Sh. 12,500

Kinachobaki ni Sh. 5,000. Hiyo ndiyo faida ghafi, na ndiyo pekee inayoweza kulipia tangazo. Gawanya bei ya kuuzia kwa faida hiyo: 17,500 kwa 5,000 ni 3.5. Maana yake, kila shilingi 1 ya tangazo lazima ilete mauzo ya shilingi 3 na senti 50 ndipo gharama irudi. Chini ya hapo muuzaji anauza kwa hasara, hata kama simu inaita kutwa nzima.

GHARAMA ZOTE ZIINGIE

Wengi huandika fedha iliyolipwa kwa mtandao peke yake. Si sahihi. Mpiga picha, bando, kodi iliyomo kwenye ankara na tofauti ya kubadilisha fedha kama malipo ni kwa dola, vyote ni gharama za tangazo. Tuseme kwa wiki mbili mtandao umechukua Sh. 80,000 na mengineyo Sh. 40,000. Tangazo limegharimu Sh. 120,000, sawa na kilo 40 za korosho ghafi kwa bei yetu ya mfano.

Katika wiki hizo, pakiti 30 zimenunuliwa na watu waliosema wameliona tangazo. Mauzo ni Sh. 525,000, yaani mara 4.4 ya gharama. Faida ghafi ni Sh. 150,000. Ukitoa tangazo, zinabaki Sh. 30,000. Biashara inaonekana nzuri.

NANI ANGENUNUA HATA HIVYO?

Hapa ndipo hesabu nyingi hupotoka. Kuliona tangazo si sawa na kununua kwa sababu ya tangazo. Mteja wa siku zote naye huliona, kisha akaagiza kama kawaida yake. Takwimu za mtandao nazo hazitoshi. Facebook na Instagram kwa kawaida hujihesabia ununuzi uliofanyika ndani ya siku 7 baada ya mtu kubofya, lakini oda ya kwetu hufungwa kwa maongezi ya WhatsApp na kulipwa kwa simu, mahali ambapo hesabu hiyo mara nyingi haifiki.

Kipimo cha uhakika ni kusimamisha. Lipia tangazo wiki mbili, simamisha wiki mbili, bila kubadili bei. Epuka kulinganisha wiki za sikukuu na wiki za kawaida, na kila kipindi kiwe na siku zake za mshahara. Mwenye wateja katika miji miwili anaweza kutangaza Dodoma, asitangaze Mwanza, kisha akaangalia kila mji umebadilika vipi.

Tuseme bila tangazo ziliuzwa pakiti 45, na pamoja na tangazo 65. Nyongeza ni pakiti 20, si 30. Faida ghafi ya pakiti 20 ni Sh. 100,000, na tangazo liligharimu Sh. 120,000. Faida ya Sh. 30,000 imegeuka hasara ya Sh. 20,000.

MTEJA ANAYERUDI

Hata hivyo, hasara hiyo si hukumu ya mwisho. Kama wateja wapya 8 watarudi kununua pakiti moja moja bila kuitwa na tangazo, wataleta Sh. 40,000, na hesabu itasimama kwenye faida ya Sh. 20,000. Lakini mteja huyo aandikwe akisharudi, si anapotarajiwa. Ghala halilipwi kwa matarajio.

Kazi hii haihitaji kompyuta. Daftari lenye safu nne linatosha: tarehe, namba ya mteja, mpya au wa zamani, na alikotuona. Mwenye uwezo atenge Lipa Namba ya oda za tangazo pekee.

Hesabu ikionyesha hasara, kabla ya kuongeza fedha ya tangazo, angalia kwanza faida ya pakiti. Mteja akichukua pakiti mbili kwa safari moja ya bodaboda, usafiri wa kila pakiti unashuka na kiwango cha 3.5 kinashuka nacho. Laiki elfu moja haziwezi kufanya hivyo.